Peni za Mama Inès

Ukifika Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, ukaulizia fundi wa mapazia, utaelekezwa kwenye nyumba yenye geti la buluu, nyuma ya duka la mikate la Wareno. Humo anakaa Spéciose, mwanamke wa miaka hamsini na minne, mfupi, mwenye miwani inayomteremka puani akishona. Alizaliwa Rumonge, Burundi, akaja Johannesburg na mumewe Révérien wakiwa bado vijana, na mkoba mmoja wa nguo. Binti yao Inès alizaliwa huku, akakulia huku, na sasa anafanya kazi Pretoria. Mama akimsemesha Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza, na wanaelewana vizuri tu.

Kwa miaka mingi Spéciose hakuwa na cha kumpumzisha zaidi ya kwaya ya kanisa. Kisha Dona Graça, mjane wa Kireno wa mtaa wa tatu, akamletea mapazia ya mahameli ya kijani, mazito kama blanketi la jeshi. Alitaka yapunguzwe urefu. Mapazia yale aliyakuta yananing'inia pale yeye na marehemu mumewe waliponunua nyumba, na hakuna aliyejua yalishonwa lini.

Spéciose alipofumua upindo, kitu kikadondoka sakafuni kwa mlio mzito. Akafumua kona ya pili, kikadondoka kingine. Kwenye kona nne za mapazia yale mawili alitoa sarafu nne kubwa za shaba, kila moja pana kuliko sarafu yoyote aliyowahi kuishika. Aliyeshona alizifungia humo ili pazia lining'inie wima, lisipeperushwe na upepo wa dirishani.

Aliziweka kwenye bahasha, akazirudisha pamoja na mapazia. Dona Graça akazitazama kwa mbali, akacheka.

"Hizo ni peni za Waingereza, za zamani. Hazinunui hata pipi. Chukua, Spéciose, nyumba yangu imejaa takataka za kunitosha."

Akarudi nazo nyumbani. Jioni hiyo, baada ya chakula, alizipanga kwenye kitambaa cha mezani, akawasha taa ya cherehani. Moja ilikuwa na sura ya malkia mzee aliyejitanda mtandio, mashavu yamemshuka, mdomo umefungwa. Spéciose akamwangalia kwa muda mrefu.

"Anafanana na shangazi Léocadie," akamwambia mumewe. "Yule wa Rumonge, aliyekuwa hacheki hata harusini."

Révérien akaisogelea taa. "Kweli kabisa. Hata pua."

Nyuma ya zote nne palikuwa na mwanamke aliyeketi, amevaa kofia ya vita, mkono mmoja kwenye ngao na mwingine umeshika mkuki wa ncha tatu. Chini yake mwaka. Ile ya malkia ilikuwa ya 1897. Spéciose akapitisha kidole gumba juu yake, akahisi jinsi ilivyolika, laini kama sabuni iliyotumika. Watu wangapi walikuwa wameishika kabla yake, hilo ndilo lililomshangaza. Ndani ya nyumba yao hakukuwa na kitu chochote cha zamani. Picha, vyombo, kitanda cha harusi, vyote vilibaki ng'ambo na havikuonekana tena. Kitu kikongwe zaidi mle ndani kilikuwa cheti cha kuzaliwa cha Inès.

Révérien ndiye aliyempeleka mbele. Yeye ni mhudumu wa jengo la zamani la ofisi kule Marshalltown, jengo lenye milango ya mbao nzito na vitasa vya shaba. Kazi yake ni kufagia, kupokea mizigo, na zaidi ya yote kung'arisha shaba: vitasa, reli za ngazi, na vibao vya majina ya mawakili. Hakuna jengo kwenye barabara ile lenye vitasa vinavyong'aa kama vyake, na yeye analijua hilo. Aliichukua ile peni ya malkia, akamwonyesha wakili mmoja wa ghorofa ya pili, na wakili akamwambia kwamba kuna duka la sarafu mitaa miwili kutoka pale.

Lilikuwa duka dogo ndani ya kichochoro cha maduka, lenye mlango wa nondo na kengele ya kubonyeza. Mwenye duka aliitwa Yasmin, mama wa miaka arobaini hivi, aliyerithi biashara hiyo kwa baba yake. Jumamosi ya kwanza Spéciose alipoingia, Yasmin alimpa kiti, akamfundisha kushika sarafu kwa kingo, kama mtu anayeshika picha ambayo rangi yake haijakauka, akamwazima kioo cha kukuzia.

"Tazama hapa, Anti," Yasmin akamwambia, akiielekeza ncha ya kalamu kwenye peni ya 1912, mojawapo ya zile nne za pazia, karibu na tarakimu za mwaka. "Unaiona herufi H? Ina maana haikutengenezwa London. Ilitoka kiwanda cha Birmingham."

Spéciose alikuwa ameitazama sarafu ile kwa wiki mbili na hakuiona herufi hiyo. Akaomba kioo tena.

Tangu siku hiyo Jumamosi zake asubuhi zikawa za Yasmin. Pale dukani palikuwa na sinia la peni za Kiingereza zilizochanganywa ovyo, kila moja kwa bei ya mkate. Spéciose alikaa nalo mapajani kama mtu anayechambua mchele. Alijiwekea mpango: peni moja ya kila mwaka, kuanzia 1895, malkia alipoanza kuonekana na ule mtandio, hadi 1936. Sarafu za bei kubwa zilizofungiwa kwenye kabati la kioo hakuzitaka, na fedha na dhahabu aliziacha wenye nazo wazitafute. Alipenda peni, na alipenda zaidi zile zilizotumika.

Kuna mwaka mmoja uliomhangaisha. Kwa miezi minne alitafuta peni ya 1923. Aligeuza sinia lote, akaenda soko la Jumapili akageuza makopo ya wauza vyuma, akamwagiza hata Dona Graça apekue droo zake. Mwishowe akamuuliza Yasmin kama inawezekana kuna mtu anazinunua zote kabla yake.

Yasmin akaweka kikombe chini. "Anti, unatafuta 1923? Mbona hukuniuliza? Hawakutengeneza peni mwaka ule. Wala 1924, wala 1925."

"Miaka mitatu mizima?"

"Mitatu. Na 1933 usihangaike nayo. Walitengeneza chache mno, zinahesabika kwa vidole."

Spéciose alicheka mpaka akavua miwani. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akicheka peke yake, na alipomsimulia Révérien, naye akacheka, ingawa hakuelewa vizuri kwa nini mtu afurahi kwa kukosa kitu.

Alihitaji thelathini na nane, na ilimchukua miaka miwili na ushei. Hakuzitia kwenye vijaluba vya plastiki kama wengine. Alichukua kitambaa cheupe cha pamba, kile cha kuwekea bitana, akashona vifuko thelathini na nane kwa safu, na chini ya kila kifuko akatarizi mwaka kwa uzi wa kahawia. Ya mwisho kupatikana ilikuwa 1926. Yasmin alimwekea moja nzuri, isiyolika, yenye rangi ya kahawia iliyoenea sawasawa kama kahawa yenye maziwa kidogo. Spéciose aliilipia kwa mapazia ya chumba kizima, na hakujuta.

"Sasa lazima uionyeshe," Yasmin akasema. "Chama chetu kina maonyesho mwezi ujao, Jumamosi, ukumbi wa kanisa kule kwenu kusini. Nitakuombea meza."

"Mimi? Kati ya wale wazee?"

"Wewe. Hakuna mwenye kitambaa kama hicho."

Aliporudi na habari hiyo, Révérien alifurahi kuliko yeye. Alimpigia simu Inès. Aliwaambia majirani. Alipeleka suti yake kwa dobi. Kila baada ya siku mbili alimuuliza mkewe watakuja watu wangapi, na kama ni watu wakubwa.

Ijumaa, siku moja kabla ya maonyesho, Révérien alikuwa na zamu ya kupumzika. Spéciose alikuwa na mapazia ya kupeleka Sandton, kwa Kagendo, Mkenya anayefanya kazi benki, mteja wake wa miaka mingi. Walitundika mapazia pamoja, wakanywa chai, Kagendo akamtakia heri ya kesho yake. Spéciose alifika nyumbani saa tisa mchana, miguu imechoka, moyo mwepesi.

Harufu ilimpokea mlangoni. Aliijua, ndiyo harufu ya sare za mumewe kila Ijumaa anapozifua. Dawa ya kung'arishia shaba.

Révérien alikuwa amesimama kando ya meza, mikono nyuma, kama anavyosimama meneja wa jengo anapopita kukagua. Juu ya meza, kwenye shuka jeupe, peni zote thelathini na nane zilikuwa zimepangwa kwa mwaka. Ziling'aa rangi ya waridi na ya dhahabu, hata dari lilishika mwanga wake.

"Mama Inès, njoo uone," akasema. "Nimeanza tangu saa tatu asubuhi. Shangazi Léocadie ndiye aliyenisumbua, uchafu wake ulikuwa wa miaka mia. Sikutaka watu waje waseme vitu vya mke wangu ni vichafu."

Spéciose akasogea. Akaiokota ile ya 1926. Ile kahawia yote ilikuwa imeondoka. Sarafu ilikuwa na rangi ya ngozi iliyobabuliwa na maji ya moto, na juu ya uso wa mfalme palikuwa na mikwaruzo midogo midogo ya kitambaa, duara juu ya duara. Yasmin alikwisha kumwambia siku ya kwanza kabisa: sarafu haisafishwi. Alilijua hilo kama anavyojua kwamba mahameli haipigwi pasi. Ila hakuwahi kumwambia Révérien, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba angezigusa.

Akamtazama mumewe. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha.

"Zinang'aa," akasema.

"Zinang'aa, sivyo?"

"Zinang'aa sana. Kanawe mikono, nikupakulie."

Akapakua chakula. Kisha akasema anakwenda kuanua nguo, akatoka uani na simu yake. Akiwa kati ya mashuka, mahali ambapo mtu wa dirishani asingemwona, akampigia Yasmin.

Yasmin alimsikiliza mpaka mwisho. "Ngapi?"

"Zote."

"Hata ile ya 1926?"

"Hata hiyo."

Akasikia Yasmin anashusha pumzi. "Anti, usizipake kitu chochote tena. Rangi itarudi yenyewe, taratibu, lakini haitakuwa ile. Ni suala la miaka."

"Kwa hiyo kesho nisije."

"Njoo. Meza ni yako. Umemwambia yeye?"

Spéciose akageuka, akasogeza shuka kidogo. Kupitia dirishani alimwona Révérien anakausha mikono, kisha anainama kuzitazama zile sarafu tena, moja moja, uso umemkunjuka.

"Hapana," akasema. "Na wewe usimwambie."

Alilia kidogo, akajipangusa kwa foronya, akaanua nguo zote hata zilizokuwa bado mbichi.

Jumamosi walifika ukumbini mapema. Wanachama walikuwa wazee kwa wingi, wenye mikebe ya chuma na vitabu vinene. Yasmin aliwapa meza karibu na dirisha. Spéciose alitandaza kitambaa chake, na Révérien, katika suti yake ya kijivu, akasimama kando kama mlinzi wa hazina. Watu walipita. Walisimama, wakatazama, wakatazamana, wakasema asante, wakaendelea. Spéciose alielewa kila kimya. Révérien alidhani ni heshima.

Saa nne akaenda kuchukua chai. Ndipo akaja Bwana Coetzer, mwenyekiti wa chama, mhandisi mstaafu wa migodini, kioo chake kimening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Akaomba ruhusa, akatoa ile ya 1926 kwenye kifuko chake, akaitazama, akairudisha. Akatoa nyingine mbili. Hakuwa mtu mkali. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyekuta mti umekatwa.

"Mama, nani amefanya hivi?"

"Mimi," Spéciose akasema.

"Kwa nini?"

"Nilitaka zipendeze. Watu wanakuja."

"Yasmin hakukwambia? Ukiisha kuing'arisha, umeiondolea ngozi. Hii ya 1926 ilikuwa nzuri sana, nadhani. Sasa imekwisha."

"Aliniambia. Kosa ni langu."

Alipoinua macho alimwona Révérien nyuma ya Bwana Coetzer, vikombe viwili vya chai mkononi. Kiingereza chake ni cha kazini, lakini maneno yale yote yalikuwa ya kazini.

Aliweka kikombe cha mkewe mezani, akasimama palepale alipokuwa amesimama asubuhi, ila sasa alitazama viatu vyake.

Bwana Coetzer hakuondoka. Alikuwa ameinamia kitambaa. Akakishika kwa ncha, akakigeuza upande wa pili kuona nyuzi zinavyokaa.

"Na ushonaji huu?"

"Wangu pia."

"Miaka yote umeitarizi kwa mkono?" Akamwita mzee mwenzake, akamwonyesha. Wakaulizana jinsi sarafu inavyokaa bila kuteleza, na Spéciose akawaeleza kuhusu mshono mmoja mdogo alioutia mdomoni mwa kila kifuko. Kabla ya saa sita Bwana Coetzer alikuwa ameagiza kitambaa chake mwenyewe, cha sarafu zake za fedha za peni sita, na alimwandikia vipimo nyuma ya ratiba ya maonyesho.

Walirudi kwa miguu. Si mbali, dakika ishirini hivi. Révérien alibeba mfuko, akawa anatembea hatua moja nyuma. Walipofika kwenye robot, zile taa za kuongozea magari za barabara kubwa, nyekundu ikawasimamisha.

"Uliniambia zinang'aa," akasema.

"Zilikuwa zinang'aa."

"Spéciose."

Jina lake alilitaja mara chache sana. Siku zote alikuwa Mama Inès. Akageuka kumtazama.

"Kwa nini umemwambia yule mzee ni wewe?"

"Yeye ni nani hata nikushitaki kwake?"

"Na mimi? Jana usingeniambia mimi?"

"Ulikuwa na furaha, Baba Inès. Ulikaa kutwa nzima kwenye kiti kile kigumu. Ningeanzia wapi?"

Taa ikawa ya kijani, watu wakavuka, wao wakabaki. Ikarudi nyekundu.

"Kazini nikiona kitu cheusi, nakisugua," Révérien akasema. "Miaka kumi na saba. Sijui kazi nyingine. Sikujua kwamba weusi unaweza kuwa ndio wenyewe."

"Hata mimi sikujua, mpaka nilipofundishwa."

"Ulilia?"

"Kidogo. Kwenye kamba ya nguo."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akauhamishia mfuko mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia akamshika mkewe kiwiko, jambo ambalo si kawaida yake barabarani. Safari hii waliivuka barabara.

Jumatatu Révérien hakula mchana. Alikwenda dukani kwa Yasmin, akasimama mbele ya kaunta na kofia mkononi, akamwomba amfundishe kilekile alichomfundisha mkewe. Jioni aliweka mbele ya Spéciose peni moja iliyofungwa kwenye karatasi, nyeusi tititi, ya 1897. Jumanne akaleta ya 1901. Alikuwa ameandika orodha ya miaka yote thelathini na nane, na alikusudia kuzirudisha zote, moja kwa kila chakula cha mchana.

Spéciose alimwacha mpaka Jumatano. Aliiweka ile ya 1897 kwenye kifuko chake, akatoa iliyong'arishwa, akaishika kwa muda. Ilikuwa imeanza kupoteza ule wekundu wa siku ya kwanza. Akairudisha mahali pake, na ile mpya akaifungia kwenye karatasi yake.

"Ule chakula chako cha mchana," akamwambia. "Hizi ndizo zangu. Nimezitafuta moja moja na najua kila moja niliitoa wapi. Zitaiva tena zikitaka."

"Watu watazicheka."

"Hawakucheka. Na wakicheka, nitasema tena ni mimi."

Révérien akakunja orodha yake. Lakini kwa Yasmin hakuacha kwenda. Alikuwa amekwisha kuonja utamu wa kuinama juu ya sinia, na siku moja, kwenye kikopo cha vitu vidogo, aliona sarafu isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Nyuma yake palikuwa na ndege mdogo, mkia juu, kama anayetaka kuruka. Yasmin akamweleza kwamba ile ni robo ya peni, na kwamba ndege huyo alitengenezwa kila mwaka tangu 1937 hadi 1956.

"Kila mwaka? Hakuna uliorukwa?"

"Hata mmoja."

Jambo hilo lilimpendeza kupita kiasi, na akalirudia nyumbani mara kadhaa, mpaka Spéciose akamwambia kwamba mtu akitafuta vitu vinavyopatikana vyote, hiyo si kutafuta, hiyo ni kwenda sokoni. Hata hivyo alichukua kipande cha bitana kilichobaki, akamshonea vifuko ishirini, vidogo hata vidole vyake mwenyewe vilipata tabu kuvigeuza.

Sasa Jumamosi wanakwenda wote wawili. Yasmin ameongeza kiti. Révérien ana kumi na moja, na anazishika kwa kingo kwa uangalifu mkubwa, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Wiki iliyopita alipata ya 1948 yenye vumbi na doa la kijani kwenye bawa. Aliitazama, akamtazama mkewe, akauliza kama inafaa hata kuipuliza.

"Puliza," Spéciose akasema bila kuinua macho kwenye sinia. "Ukimaliza nipe kioo, maana umekikalia tangu asubuhi."